Maji Yafunike Mkebe

Mkebe wa maziwa mazito ya sukari ulipofika mikononi mwa Madam, kazi ya kwanza ilikuwa kuuvua karatasi. Aliuloweka kwenye maji ya vuguvugu, akaenda kuchuma sukuma au kugombana na mtu kwenye simu, kisha akarudi kuikwangua gundi kwa ukucha wa kidole gumba mpaka bati likabaki tupu linang'aa. Wengine, wakitaka karameli, huuchemsha na karatasi yake. Yeye aliona huo ni uchafu na tena ni ujinga, kwa sababu karatasi ikiiva maji hugeuka uji, na maji yaliyogeuka uji hayamwonyeshi mtu yamebaki kiasi gani. Madam alitaka kuyaona maji. Nimefanya kazi na watu wengi makini, mafundi wa breki na wa injini, na bado sijakutana na mtu aliyelinda kitu kama yeye alivyolinda maji ya sufuria.

Hilo la "Madam" alistaafu nalo kutoka shuleni. Alikuwa amefundisha Sayansi Kimu kwa muda mrefu hata nusu ya wanawake wa Keroka walikuwa wamewahi kushonea vifungo chini ya macho yake, na mwanafunzi hamwachi mwalimu wake hivi hivi. Wauza ndizi walimwita Madam. Wazee wa rika lake walimwita Madam. Jina lake la ubatizo nililisikia kanisani siku moja likisomwa, nikageuka kuangalia ni nani huyo. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikumbuki aliwahi kuniambia, na mimi sikuuliza, maana mtu wa upande wa ziwa akianza kuuliza koo za Wagusii hata jioni haimtoshi.

Mimi nilikuwa na duka la vipuri kando ya barabara ya kwenda Kericho, pale malori yanapopumua kabla ya kupanda. Nilikodi nyumba iliyopakana na boma lake, ua wa michongoma katikati. Keroka yenyewe imekatwa na mpaka wa kaunti, kwa hiyo duka langu lilikuwa Kisii na kitanda changu kilikuwa Nyamira, na Madam hakuchoka kunitania kwamba ndiyo maana sijui ninakoelekea. Tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa yeye hakujua Kijaluo na mimi Ekegusii changu kiliishia kwenye salamu na bei ya ndizi. Kiswahili chake kilikuwa cha ubao na chaki. Changu kilikuwa cha gereji. Alinisahihisha bila huruma.

Sasa niseme kwa nini ninamwandika mtu huyu, ili msomaji asidhani ni kwa ajili ya utamu peke yake. Mke wangu alifariki tukiwa Keroka. Tulimzika kwetu, tukarudi wawili, mimi na binti yetu Akinyi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Tangu siku ya mazishi mtoto hakusema neno. Hakuwa mkaidi, wala hakulia. Alinyamaza tu, kwangu, kwa walimu, kwa watoto wenzake. Huko mjini Kisii daktari alimpima masikio na koo akasema yako sawa, apewe muda. Mama mkwe wangu naye alinipa muda wake. Alisema shule zikifungwa, ikiwa mtoto bado hajafungua kinywa, atakuja kumchukua akalelewe na wanawake wenzake. Alikuwa amempoteza binti, na alichosema kilikuwa na akili. Lakini nilijua akienda, nitakuwa namwona mwanangu kama mgeni, na ile nyumba nitairudia peke yangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Madam hakuja kunipa pole. Alikuja kwenye ua na kusema, "Baba Akinyi, huyu mtoto anashinda wapi akitoka shule?"

"Ako na mimi dukani. Nyuma ya kaunta."

"Kwa grisi?"

Nikafuta mikono kwenye suruali.

"Amlete nani, wewe ama mimi nimfuate? Basi mlete. Na usimwambie anisalimie."

Hilo la mwisho lilinishangaza, kwa sababu kila mtu alimtaka Akinyi asalimie. Watu walikuwa na nia njema. Walimwinamia, wakamwonyesha peremende na kumwambia, sema habari nikupe. Mtoto aliwaangalia tu, nao wakainuka wamefadhaika, na wengine waliitia peremende mfukoni. Madam alipiga marufuku biashara hiyo katika boma lake. Alimkaribisha Akinyi kwa kumpa kiti kifupi na kuendelea na alichokuwa akifanya, akiongea peke yake, akijijibu peke yake, na mtoto akapumua.

Mara nyingi alichokuwa akifanya ni karameli. Niiseme hapa namna alivyoifanya, na niiseme sawasawa, maana ninamhisi kama amesimama nyuma ya bega langu. Kitambaa kikuukuu kinatandikwa chini ya sufuria ili mkebe usigonge bati kwa bati. Mkebe unalazwa ubavu. Maji yanamiminwa mpaka yaufunike na kuzidi kwa upana wa kiganja. Moto wa kadiri, maji yachemke bila kuruka. Pembeni panakaa birika la maji moto, kwa sababu maji yatapungua na lazima yaongezwe, na hayaongezwi baridi. Hivyo hivyo kwa masaa matatu. Kisha mkebe unaachwa upoe ndani ya maji yale yale, na haufunguliwi una moto, hata kama ni gavana anayengoja. Mikebe ya siku hizi yenye pete ya kuvutia hakuiamini. Maziwa ya hiyo aliyamwaga kwenye bakuli, akalifunika na kuliweka juu ya mvuke, akilalamika muda wote kwamba haitakuwa sawa.

"Maji yafunike mkebe," alisema. "Mwanzo yafunike, katikati yafunike, mwisho yafunike. Yakishuka, hiyo si chakula tena, ni bomu." Tena alisema kwamba mtu mwenye akili hafanyi jambo hili kama hana wa kuyaangalia maji.

Kilichotoka mle ndani kilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, kizito, kinashuka kwenye kijiko polepole kama hakina haraka ya kwenda popote. Alikitandaza juu ya ndizi mbivu zilizokatwa na biskuti zilizopondwa, akafunika na malai ya maziwa ya ng'ombe wake. Au alikipaka kwenye chapati za maji za unga wa wimbi, ambazo mpaka leo nikizikumbuka naacha ninachofanya. Neno "kitindamlo" ndilo alilolifundisha maisha yake yote, na alisimulia jinsi kila mwaka darasa lilivyomcheka alipoliandika ubaoni. Watoto waliuliza, Madam, mtu akishakula ugali ameshiba, hicho kingine ni cha nani? Aliwajibu kwamba mtu anayepanda ndizi na kukama ng'ombe hana sababu ya kumaliza kula kama anayekimbizwa. Kwa maoni yake dhambi kubwa ya eneo letu ilikuwa kuacha ndizi nzuri zioze zikingoja bei ya lori la Nairobi. Sokoni alikuwa mkali. Nilimwona akibonyeza mkungu mzima, ndizi kwa ndizi, mpaka muuzaji akamwambia, "Madam, hii si mtihani." Akasema, "Ni mtihani, na umepata thelathini."

Sifa kwake zilikuwa haba. Kitu kikiwa kizuri alisema, "Inalika." Kikiwa kizuri mno alisema, "Inalika kabisa," kisha akageukia vyombo kama aliyejutia kutoa nyingi. Na jambo la ajabu, mwenyewe hakula. Alichovya mpini wa kijiko, akaugusisha ulimini, akaenda kuosha. Nilimwuliza siku moja kwa nini. Alisema vitamu vinamchosha, yeye ni mtu wa mboga chungu, chinsaga na managu. Nikamwuliza basi taabu yote hii ni ya nini. Aliniangalia kama niliyeuliza kwa nini mto unateremka. "Si wewe unakula?" alisema.

Alikuwa Msabato, na si wa juu juu. Jua likizama Ijumaa, kila kitu katika boma lile kilisimama. Nguo zimeanuliwa, kuni zimeingizwa, viatu vimepigwa rangi na kupangwa mlangoni. Hilo lingekuwa kikwazo kwa mtu anayetaka karameli ya chakula cha Sabato mchana, lakini Madam alikuwa na kapu. Lilikuwa kapu kubwa la kusukwa, la kumtosha mtoto kujificha, alilolitandika blanketi kuukuu na majani makavu ya migomba, na mto wa kufunikia juu. Ijumaa alichemsha sufuria la mikebe sehemu kubwa ya alasiri, na kabla jua halijagusa vilima alilitia lote mle kapuni, maji na mikebe na moto wake, akalishindilia mto. Likaendelea kujiivisha taratibu bila kuni wala makaa. Kesho yake akitoka kanisani alilifunua, mikebe imeiva na imepoa vya kutosha kufunguliwa.

Mzee mmoja wa kanisa lake hakuridhika na kapu. Alikuwa mtu mwema, mwenye koti la mikono mirefu kupita mikono, na alikuja kumwambia kwa upole kwamba kapu linapika siku ya Sabato.

"Mimi sipiki," alisema Madam. "Nimelala."

"Lakini chakula kinaiva, Madam. Kuiva ni kazi."

"Mzee, ndizi zako kule shambani, huwa zinaacha kuiva Ijumaa jioni zingoje Jumapili?"

"Hizo ni za Mungu."

"Na ng'ombe wako? Si anatengeneza maziwa usiku wote wa Sabato? Umemwonya?"

Mzee akasema atakwenda kuliombea jambo hilo. Aliliombea kwa miezi mingi, na kila baada ya kuliombea alikuja kuonja kapu limefanya dhambi kiasi gani.

Katika mpango huu wote Akinyi alipewa cheo. Madam alimwambia atakuwa mlinzi wa maji. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti kifupi, mbali na jiko, na kuyatazama. Ruhusa ya kugusa birika hakuwa nayo. Maji yakikaribia kuufichua mkebe, alitakiwa kuita, na kwa kuwa haiti, Madam alimpa kifuniko cha sufuria kilichopoteza sufuria yake na kijiko cha bati. "Ukiona yameshuka, piga. Mimi nitakuja, hata nikiwa chooni." Mtoto alikishika kile kifuniko kama sahani ya ushirika. Nilipopita jioni kumchukua nilisikia mlio wake toka barabarani, kwang, kwang, kwang, na sauti ya Madam ikijibu, "Nimesikia, mwalimu mkuu! Ninakuja!" Hilo lilinipa moyo na kunivunja moyo kwa pamoja. Mtoto alikuwa amepata namna ya kusema na mtu. Lakini bado halikuwa neno, na shule zilikuwa zinakaribia kufungwa.

Ijumaa moja kwaya kutoka ndani ya Nyamira ilikuwa ije kuimba Sabato, na zamu ya kuilisha ilikuwa ya Madam. Sufuria kubwa liliingia kapuni mapema, kila kitu sawa. Kisha akapigiwa simu kwamba kwaya itakuja na watoto. Madam akachukua mkebe mmoja wa akiba, akautia kwenye sufuria ndogo juu ya jiko la makaa, akaanza kuchochea. Alijua fika kwamba moto mkubwa hauivishi karameli haraka, unamaliza maji tu. Alikuwa amewafundisha watu hivyo maisha yake yote. Lakini jua lilikuwa linashuka, na jua la Ijumaa likishuka Msabato huwa si mtu wa kawaida.

Nilifika kumchukua mtoto. Madam akaniambia, "Ukae tufungue Sabato, ndio uende." Haikuwa ombi. Mzee wa kanisa alikuwa amekwisha keti sebuleni, koti limeshuka hadi vidoleni. Jiko lilikuwa katika kijumba chake ng'ambo ya ua mdogo, na ukiwa mlangoni pa sebule uliliona moja kwa moja. Madam aliyapima maji kwa macho, akaona yatatosha ombi moja. Akamwita Akinyi. Mtoto akaja, akaacha kifuniko na kijiko juu ya kiti chake, akapiga magoti karibu na mlango. Mpango ulikuwa ombi fupi, kisha mkebe utolewe kabla jua halijazama.

Ombi halikuwa fupi. Mzee aliombea kwaya, na gari la kwaya, na matairi ya gari la kwaya. Aliombea majani ya chai na mvua yake. Aliombea wagonjwa akiwataja mmoja mmoja. Alisema, "Na mwisho kabisa, Bwana," nikashukuru, kisha akawakumbuka walio serikalini. Alisema tena mwisho kabisa, akaniombea mimi na watu wote wa ziwani. Hapo ndipo niliposikia ng'ambo ya ua mkebe umeanza kugonga. Ko, ko, ko. Ni sauti ninayoijua kutoka kwenye injini iliyokosa mafuta. Nikafumbua jicho moja, nikaona mabega ya Madam yamekakamaa. Naye amesikia. Lakini katika nyumba ile mtu hakuinuka maombi yakiendelea, na mzee kwa mara nyingine alikuwa ndani ya mwisho kabisa.

"Madam."

Ilikuwa sauti ndogo, yenye kutu.

"Madam, maji."

Madam alifumbua macho. Kutoka pale alipopiga magoti hadi jikoni ni hatua chache, na kwa kasi yake angefika. Alikuwa ametufundisha sote kwamba maji yakiisha unakimbia, huulizi. Hakukimbia. Alimgeukia mtoto kwa magoti yale yale.

"Umesema nini?"

"Maji yameisha."

"Sema tena."

"Madam, maji yameisha! Mkebe unalia!" Akinyi alikuwa anapiga kelele sasa, anaonyesha kwa kidole, machozi yanamtoka. "Nenda, Madam, nenda!"

Mkebe ukapasuka. Mlio wake ulituinamisha sote. Kifuniko cha Akinyi kiliruka kutoka kitini hadi uani, kuku wakatawanyika, na mzee akasema, "Nyasae!" jina la Mungu ambalo kwalo lugha zetu mbili zinakaribiana, kisha, baada ya kufikiri, akasema, "Amina."

Madam alikuwa amemkumbatia Akinyi sakafuni. Alikuwa analia na kucheka na kumwambia, "Nimesikia, mwalimu mkuu. Nimesikia." Mimi niliegemea ukuta nikalia bila aibu yoyote. Baadaye tulipokwenda kuangalia jikoni, tuliona vizuri ni mahali gani angekuwa ameinama kama angekimbia kama sheria yake ilivyotaka. Karameli ilikuwa imepiga ukuta, mlango na mabati ya paa, na sufuria ilikuwa imekunjika. Mzee alivua kofia.

Jua likazama. Na kwa kuwa limezama, hakuna aliyeruhusiwa kusafisha. Madam, ambaye hakuwahi kulala na kijiko kichafu, aliufunga mlango wa jiko na kusema, "Itangoja." Ikangoja usiku na mchana wa kesho yake. Kwaya ilipokuja, mabati yalikuwa yameota jua, na ile karameli ikaanza kulegea na kudondoka kutoka paani, tone moja, kisha baada ya muda tone jingine. Watoto wa kwaya walijaa mlangoni kutazama. Aliyewafungulia na kuwaongoza alikuwa Akinyi. Aliwaonyesha mkebe ulipokuwa, ulikopita, ulipogonga. Kila kundi jipya lilipokuja alianza upya. Sauti ilikauka, akanywa maji, akaendelea. Mimi nilisimama chini ya mti wa parachichi nikajifanya nakula.

Jumapili alimsimulia bibi yake kwa simu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba apewe huyo Madam. Wanawake wale wawili walizungumza muda mrefu, kila mmoja na Kiswahili chake, na mpaka leo hawajaniambia walisema nini. Shule zilipofungwa mama mkwe alikuja kweli, lakini alikuja na samaki wa kukaanga kwa ajili ya Madam, akakaa siku chache, akarudi peke yake.

Jikoni tulikuwa tumesugua ile Jumamosi jioni, baada ya jua kuzama. Nilipanda ngazi na maji moto nikatoa doa baada ya doa. Lilibaki moja, juu kabisa penye pembe, la ukubwa wa kiganja. Nilipolinyooshea kitambaa Madam alisema, "Hiyo wacha. Ni ya Akinyi." Kwa mwanamke aliyekwangua gundi ya mkebe kwa ukucha, hilo lilikuwa jambo kubwa, na nilishuka nalo ngazi taratibu.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ulimi. Aliwahi kumfukuza shangazi wa bibi harusi kwa kutaka kufungua mkebe ungali na moto, na harusi ikaendelea bila shangazi. Alidai hapendi umbeya, lakini kila kilichotendeka kati ya stendi na kiwanda cha chai kilimfikia kabla ya chakula cha mchana. Kwa miaka alikataa kukubali kwamba mkebe ule ulipasuka kwa moto wake. Alisema ni kwa maombi ya mzee. Mzee naye alisema ni kwa dhambi ya kapu, ingawa mkebe wenyewe haukuwa kapuni, na walizeeka katika mabishano hayo, marafiki wakubwa.

Sasa nina duka Suneka, na Akinyi ni mwalimu wa chekechea. Anaongea kutwa nzima na analipwa kwa hilo. Likizo zikifika anachemsha mikebe, ananiweka mimi nilinde maji, na hanilipi.

Mvua za mwaka huu zilipoanza tulipata habari kwamba Madam amepatwa na kiharusi. Sukari ilikuwa imemsumbua kwa muda, yeye asiyekula vitamu. Tulikwenda Keroka Jumapili. Binti wa dada yake, ndiye anayemtunza, alitupokea. Madam alikuwa kitini karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani, macho yale yale. Sauti ilikuwa imekwenda. Sebuleni palikuwa na wageni wengine watatu, wanawake wa kanisa, watu wema. Walimwinamia mmoja baada ya mwingine.

"Madam! Sema habari! Sema basi, jaribu kidogo!"

Aliwaangalia. Nilimwona akiwaangalia, nikakumbuka peremende zile zote.

Akinyi hakumsalimia. Aliinama, akashika kiti upande mmoja na yule binti upande wa pili, wakambeba Madam na kiti chake, wakavuka ua, wakamweka mlangoni pa jiko. Mimi nilifuata na mfuko. Juu penye pembe ya mabati doa lilikuwepo, limekuwa jeusi. Akinyi alitoa mkebe, akauloweka, akakaa chini kuukwangua gundi kwa ukucha huku akiongea peke yake na kujijibu peke yake. Wanafunzi wake, mvua, bei ya ndizi. Akatandika kitambaa. Akaulaza mkebe ubavu, akamimina maji upana wa kiganja. Maji yalipoanza kuchemka, alichukua kile kifuniko na kijiko, akamwekea Madam mapajani, kijiko katika mkono wa kushoto.

"Maji yakishuka, unajua kazi," alisema, akatoka kwenda kumenya ndizi uani.

Mimi nilibaki. Madam aliyatazama maji. Hayakuwa yameshuka hata kidogo. Akainua mkono wa kushoto, akapiga. Kwang.

"Nimesikia, mwalimu mkuu! Ninakuja!" Akinyi akaja na birika, akachungulia. "Ah, Madam, bado yako mengi." Akarudi kwenye ndizi zake.

Kwang.

Akaja tena. Maji yalikuwa pale pale. "Bado, Madam. Yamefunika vizuri." Akageuka.

Kwang, kwang.

Safari hii Akinyi hakuangalia sufuria. Aliweka birika chini, akavuta kile kiti kifupi, bado kipo, akaketi mbele yake, magoti yakigusana. "Haya," alisema. "Nikuambie nini?" Na akaanza kumsimulia, tangu mwanzo, habari za Ijumaa ile, mzee na matairi ya kwaya na mwisho kabisa, Bwana. Madam alishusha kijiko juu ya kifuniko na kukiacha hapo. Alifumba macho akasikiliza, nami nikasogea karibu na sufuria kuyalinda maji.